Mwaliko Uliokataliwa

Sura ya Saba

"Wiki tatu," daktari alisema akivua glavu. "Unaweza kuongeza siku mbili au kupunguza mbili. Nyumba ilikuwa imefungwa, na baridi ya huku unaijua. Lakini Ijumaa iliyopita mtu huyu hakuwa hai, afande."

"Ijumaa iliyopita alikubali kuhudhuria mkutano," Inspekta Nyakio alisema.

"Basi alikubali akiwa amekufa."

Daktari hakuwa akifanya mzaha. Aliosha mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja.

Austine Okumu, mwanamume wa miaka thelathini na minane, alipatikana Jumatatu kwenye sakafu ya jikoni, katika nyumba aliyopanga mtaa wa Kapsoya, Eldoret. Dada yake ndiye aliyempata, baada ya mwenye nyumba kumfungulia. Kichwa kilikuwa kimegonga pembe ya sinki ya saruji. Mlango wa mbele ni ule unaojifunga ukivutwa, na ulikuwa umevutwa. Hakuna dirisha lililovunjwa, hakuna kitu kilichoibwa, na simu yake ilikuwa chini ya kabati, imeisha chaji. Chifu Inspekta Kuria, bosi wa Nyakio, alishaamua: mtu aliteleza. Kuhusu siku ya kifo, Kuria aliamini kalenda ya marehemu, ile ya mtandaoni, ambayo ilimwonyesha Okumu akikubali mkutano mmoja baada ya mwingine hadi Ijumaa. Daktari amekosea hesabu, alisema Kuria, na faili ifungwe.

"Na kuteleza?" Nyakio aliuliza.

"Anayeteleza huanguka kwa uzito wake tu. Fuvu hili liliingia kwenye pembe kwa nguvu zaidi ya hiyo. Alisukumwa. Nitaandika hivyo, na nikiitwa kortini nitasema hivyo."

Nyakio alimshukuru akatoka nje. Asubuhi hiyo alikuwa amerudi Kapsoya peke yake, akaizunguka nyumba chumba kwa chumba. Sahani moja ilikuwa imeegemezwa kando ya sinki ikauke, na kikombe kimoja. Jirani wa kulia alijua rangi ya gari la Okumu lakini hakujua jina lake. Jirani wa kushoto alidhani amehama. Mtu alilala sakafuni wiki tatu, ukuta mmoja tu kutoka kwa watu waliokuwa wakitazama taarifa ya habari, na aliyekuja kubisha mlango alitoka Kisumu.

Huyo aliyetoka Kisumu alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, mkoba mapajani. Aliitwa Christabel, nesi, dada mkubwa wa marehemu na ndugu yake pekee. Nyakio aliketi kando yake.

"Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa lini?"

"Kuzungumza kwa mdomo?" Christabel alifikiri. "Agosti. Mimi nafanya kazi kwa zamu, yeye naye na matrekta yake asubuhi hadi jioni. Ukipiga hashiki. Akaniambia, Dani, ukitaka kuniona niwekee kwa kalenda, hiyo haisahau."

"Dani?"

"Ni nyanya, kwa Kijaluo. Mimi nilipewa jina la nyanya yetu, mama ya baba. Tangu tukiwa wadogo hajawahi kuniita Christabel. Hata siku ya harusi yangu alisimama mbele ya watu wote akaniita Dani."

Nyakio alielewa. Na yeye alibeba jina la nyanya yake, na baba yake alimwita mama hadi siku alipofariki. Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sababu ya kumwita hivyo.

"Ukamwekea?"

"Nilimtumia mwaliko. Nikasema nitakuja Jumapili na samaki, tupike. Ukakataliwa." Christabel alitoa simu, akaifungua, akampa. Mwaliko ulikuwa na alama nyekundu, na chini yake maneno yalisomeka: *Christabel, niko Kitale wiki nzima kwa kazi. Usije. Tutapanga siku nyingine.*

Ulikataliwa siku ya Mashujaa, sikukuu ya taifa, wiki mbili kamili kabla ya mwili kupatikana.

"Niliona ameniandika Christabel," Christabel alisema. "Nikajua amenikasirikia. Sikujua nimemkosea nini. Nikanuna na mimi. Nikasema akitulia ataniita Dani, ndipo nitamjibu. Halafu juzi nikapata siku ya mapumziko, nikaona mimi ni mtu mzima, kununa hivi ni ujinga, nikaja." Alifunga mkoba, akaufungua tena bila kutoa kitu. "Alikuwa amelala pale chini, afande, na mimi niko kwangu nimenuna."

"Hakukukasirikia," Nyakio alisema. "Aliyeandika haya si yeye."

Christabel alimtazama. Nyakio alimrudishia simu; alikuwa bado hajui ni nani.

*

Mtu aliyemwekea Okumu kalenda ile aliitwa Collins, fundi wa kompyuta mwenye duka dogo ghorofani katika barabara ya Oloo. Nyakio hakuketi.

"Wewe ndiye mwenye funguo zote za kalenda ya Okumu."

"Ni mimi. Mteja akisahau paswadi anakuja kwangu."

"Jumamosi ya wiki tatu zilizopita, siku ya mwisho Okumu kutumia simu yake, ulikuwa wapi?"

"Iten, harusi ya dada yangu. Mimi ndiye nilikuwa na maikrofoni kutoka asubuhi hadi giza likaingia. Uliza mtu yeyote Iten, watakuambia walichoka na sauti yangu."

Nyakio alimpigia pasta wa Iten hapo hapo, akaambiwa ni kweli, na kwamba sauti ilichosha. Ndipo akavuta kiti.

"Nieleze hii kalenda. Nieleze polepole, kama unamweleza mama yako."

"Bila kukuvunjia heshima, afande, mama yangu anaijua." Collins aligeuza kompyuta ili waione wote wawili. "Wewe unatumia gani?"

"Ya ukutani."

"Iko na nini?"

"Tarehe za korti."

Collins alirudi kwenye kioo cha kompyuta. Basi akaeleza. Okumu na mwenzake Obonyo walikuwa na kampuni ya kukodisha matrekta na mashine za kuvuna mahindi, kuanzia Sugoi hadi soko la Ziwa. Mkulima anaweka siku yake kwa simu. Dereva ana ratiba yake kwenye simu yake. Fundi wa mashine ana yake. Na kila trekta lina traka, kifaa kidogo kinachosema liko wapi. Vitu hivyo vinne havikuwa vikijuana. Msimu uliopita wakulima wawili waliahidiwa mashine moja asubuhi moja, mmoja akanyeshewa mahindi yake yote. Okumu akasema mwaka huu lazima wapate kalenda moja itakayounganisha kila kitu.

"Tulijaribu mbili," Collins alisema. "Ya kwanza ni nzuri kwa macho na mtoto anaweza kuitumia. Lakini haikubali kuunganishwa na kitu kingine. Mkulima akiweka siku huko, wewe unakaa unaiandika tena hapa kwa mkono. Ya pili sura yake mbaya, lakini inaongea na kila programu waliyokuwa nayo."

"Wenyewe walitaka gani?"

"Okumu, hii ya pili. Hakufikiria mara mbili. Obonyo alitaka ya kwanza, na alishikilia sana. Nikamuuliza sababu, akasema anapenda rangi zake." Collins alicheka kidogo, kisha akaacha. "Aliposhindwa akasema sawa, chukueni, lakini traka zisiunganishwe. Alisema zitamaliza bando la intaneti. Haziwezi kumaliza bando. Okumu akaniambia niziunganishe zote."

Nyakio aliliweka hilo kando kwanza.

"Nionyeshe mikutano aliyokubali."

Collins aliifungua. Siku baada ya siku, mwaliko baada ya mwaliko, na chini ya kila mmoja jibu lile lile: *Asante. Nitakuwepo.* Kwa mkulima wa Sugoi. Kwa muuza magurudumu. Kwa wanakwaya waliotaka kukodi trela. Kwa Obonyo, mara nyingi.

"Nani alikuwa akijibu?"

"Hakuna mtu. Ni yenyewe. Msimu wa mavuno tuliiweka hivyo. Mwaliko ukija saa za kazi na nafasi iko wazi, inakubali na kujibu. Hayo maneno niliandika mimi. Okumu hakuwa na wakati wa kuchagua maneno."

"Na watu walipokaa wakamngoja asitokee, hakuna aliyeuliza?"

"Mikutano mingi ni ya mtandaoni, afande. Mtu akikosekana wanasema ni network."

Nje mtu alikuwa akiuza viazi kwa kipaza sauti. Nyakio alisoma majibu yale tena, kutoka chini kwenda juu, hadi siku ya Mashujaa.

"Na kukataa? Inaweza kukataa yenyewe?"

"Hapana. Kukataa ni lazima mkono wa mtu. Na inaweka alama ya kifaa kilichotumika." Collins alibofya mwaliko wa Christabel, akasogeza uso karibu na kioo. "Hii si simu yake. Imetoka kompyuta ya ofisi, ile iko kwa yadi yao ya matrekta, na huko kalenda zao wote wawili huwa wazi."

"Siku ya Mashujaa ofisi ilikuwa imefungwa."

"Basi ni mtu mwenye ufunguo."

Nyakio alirudi kwenye lile aliloliweka kando.

"Kwa nini mtu aogope traka kuunganishwa?"

"Sijui. Labda..." Collins alisita. "Ukiunganisha, haianzi leo. Inavuta safari zote za nyuma, inazipanga humu kwa siku zake kana kwamba zilikuwa miadi. Okumu aliziona. Alinipigia Alhamisi moja jioni kuuliza kama traka inaweza kudanganya. Nikamwambia inaweza kukosea mita chache, lakini haiwezi kukupeleka barabara ambayo hukupita. Akaniomba nirudie, nikarudia. Halafu akasema asante."

"Alikuwa akiuliza safari gani?"

"Ya Machi."

Collins aliirudisha kalenda nyuma hadi wakati wa kulima. Jumatano moja, jioni, trekta moja lilitoka kwenye yadi. Lilishika barabara ya Ziwa. Njiani lilisimama mahali ambapo hapakuwa na shamba la mteja wala duka, likageuka, likarudi.

Nyakio hakuhitaji ramani. Machi hiyo alikuwa amesimama mahali hapo hapo kwenye mvua, akitazama kitambaa cha kichwa ndani ya mtaro. Mama mmoja aliyeitwa Taprandich alikuwa akitembea kutoka maombi akagongwa, na aliyemgonga hakushuka. Polisi walikagua malori, kisha wakawauliza wenye matrekta wote wa eneo lile. Kampuni ya Okumu na Obonyo ilijibu kwamba matrekta yake yote yalikuwa yadini usiku huo na mchana wake. Okumu ndiye aliyetia sahihi, kwa sababu hivyo ndivyo mwenzake alivyomwambia. Faili lile lilikuwa bado kwenye kabati ya Nyakio, na mume wa Taprandich alikuwa ameacha kuja kituoni kuliulizia.

"Usimpigie mtu yeyote simu kuhusu hili," alimwambia Collins. "Na usifute kitu."

"Afande," Collins alisema Nyakio alipofika mlangoni. "Mimi ndiye nilimwambia haiwezi kudanganya."

"Ulimwambia ukweli."

"Ndiyo. Ndiyo hiyo inanisumbua."

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba kimoja cha mabati kwenye kona ya yadi. Ndani mlikuwa na meza mbili zilizogusana na nyingine ndogo karibu na mlango. Kwenye hiyo ndogo aliketi Brenda, karani, msichana wa sketi ndefu aliyekuwa ametoka kulia.

"Hizi meza mbili ni za nani?"

"Hii ya Okumu. Hiyo ya Obonyo, yenye kompyuta. Mimi hutumia simu tu."

"Hizi wiki tatu Obonyo alikuambia Okumu yuko wapi?"

"Alisema ako na homa, anafanyia kazi nyumbani. Alisema nisimsumbue. Na kweli kalenda ilikuwa inajibu, so nikaona ako sawa."

"Obonyo alikuwa akimtumia mialiko."

"Karibu kila siku. Nilishangaa kidogo." Brenda alipangusa pua. "Kabla ya hapo hawakuwahi kuandikiana. Mmoja akimtaka mwenzake alikuwa anagonga tu meza." Aliigonga ya kwake mara moja kwa ngumi, polepole, akauacha mkono pale.

"Nani ana ufunguo wa hapa?"

"Wao wawili. Mimi nangojanga nje hadi wafungue."

Obonyo aliingia akiwa na buti za mpira, mafuta ya mashine hadi kwenye viwiko. Alikuwa mtu mkubwa, wa umri wa Okumu, kutoka kijiji jirani na kwao. Walikuja Eldoret pamoja na trekta moja la mkopo. Alimwona Nyakio, akaketi bila kuambiwa. Nyakio alimwomba Brenda atoke nje.

"Pole kwa kumpoteza mwenzako."

"Asante, madam. Bado siamini. Ijumaa mimi nilikuwa Kisumu kwa mazishi ya mjomba, na nililala huko hadi Jumapili. Niko na picha. Kama ningekuwa hapa labda..."

"Sijakuuliza Ijumaa."

Obonyo alijipangusa mafuta kwenye suruali.

"Nani amekuambia alikufa Ijumaa?"

"Si kalenda inaonyesha? Ijumaa alikuwa anakubali meeting. Watu wote wanasema hivyo."

"Ulimwalika wewe."

"Ndiyo. Tulikuwa na mambo ya mavuno."

"Alifika?"

"Hakufika."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwalika tena."

"Ulimwalika tena." Nyakio aliweka mkono juu ya meza ya Okumu. "Obonyo, nimeona rekodi za simu. Kwa wiki tatu hukumpigia hata mara moja. Meza zenu zinagusana. Miaka yote ukimtaka umekuwa ukigonga mbao. Kisha siku moja unaanza kumwandikia kama mgeni, anakubali, haji, unamwandikia tena, na hupigi simu. Mtu anayemngoja mwenzake hupiga simu. Asiyepiga ni yule anayejua hakuna wa kushika."

"Alikuwa mgonjwa. Sikutaka kumsumbua."

"Kapsoya si mbali. Ulimpelekea hata uji?"

Obonyo alikwangua tope kwenye buti yake kwa ukucha.

"Siku ya Mashujaa," Nyakio aliendelea, "mtu alifungua ofisi hii, akaketi hapo ulipo, akamkatalia dada yake asije. Ufunguo mlikuwa nao wawili. Mmoja wenu alishakufa. Na huyo aliyeandika alimwita Christabel."

"Si ndilo jina lake?"

"Ndilo. Ndugu yake hakulitumia hata siku moja maishani."

Nje trekta liliwashwa, likanguruma, likazimwa. Nyakio alingoja kelele iishe.

"Na Machi ulikuwa na haraka gani kwenye barabara ya Ziwa?"

Uso wa Obonyo haukubadilika. Kilichobadilika kilikuwa mabega, yaliyoshuka polepole kama ya mtu aliyetua gunia.

"Taa moja ilikuwa haifanyi kazi," alisema. "Nilikuwa naijaribu. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikumwona yule mama, madam, nilimsikia tu."

"Ngoja."

"Austine hakunikasirikia. Hicho ndicho kilinimaliza. Angenipiga tungemalizana. Alisimama pale jikoni anaosha sahani, akasema Jumapili tutaenda Ziwa pamoja, kwa mume wa yule mama, wewe utaongea na mimi nitakaa kando yako, na Jumatatu tutaenda polisi. Alisema kama mtu anayepanga kazi. Nilimsukuma tu anyamaze..."

"Nyamaza wewe sasa," Nyakio alisema, kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye ninayechunguza. Sheria hainiruhusu kuchukua maungamo yako. Utayasema kituoni mbele ya afisa mwingine, na una haki ya kuwa na mtu wako, mtu unayemwamini, aketi nawe. Nipe jina nimpigie."

Obonyo alifikiri. Aliinua macho mara moja kama aliyekumbuka, akayashusha tena.

"Mtu wangu alikuwa Austine," alisema.

Nyakio alimwuliza tena, kwa sababu sheria ilitaka. Obonyo alitikisa kichwa. Wakatoka, mmoja mbele na mwingine nyuma, Brenda akasimama kando akiwatazama, mkono mdomoni.

*

Kuria alisema mume wa Taprandich anaweza kuambiwa kwa simu. Nyakio alichukua gari.

Boma la mume huyo, Mzee Birgen, lilikuwa mbele kidogo ya soko la Ziwa, nyuma ya uzio wa misonobari. Mahindi yalikuwa bado shambani, yamekauka, yanagongana kwa upepo. Mzee alikuwa akikamua ng'ombe. Hakuacha. Alimaliza chuchu ya mwisho, akaibeba ndoo hadi kivulini, akaifunika, ndipo akanyoosha mkono.

"Chamgei, Mzee," Nyakio alisalimu.

"Chamgei, mama. Ni wewe yule wa Machi."

"Ni mimi. Tumempata mtu."

Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Nyakio alimweleza yote kwa utaratibu: trekta, taa mbovu, Obonyo, kisha yule mwenzake aliyegundua ukweli akauawa kabla ya kuusema. Mzee hakumkatiza. Nyakio alipofika kwenye jina la Okumu ndipo mzee alipoinua mkono kidogo.

"Huyo Okumu. Ni mfupi? Ako na pengo hapa mbele?"

"Ndiyo."

"Alikuja hapa."

"Lini?" Nyakio aliuliza.

"Alikuja siku ya Ijumaa, wiki tatu na zaidi zimepita, jioni. Akasema anakodisha mashine za kuvuna, anauliza kama nahitaji. Nikamwambia ndiyo, unaona mahindi. Lakini hakuangalia mahindi. Alikaa pale ndani, nikamchemshia chai, ikapoa mbele yake. Aliniuliza mke wangu alikuwa mtu wa aina gani. Mtu wa mashine anauliza hayo ya nini? Lakini nilikuwa sijaulizwa na mtu yeyote tangu mazishi, kwa hivyo nikamwambia. Niliongea sana, mama. Nilimwambia hata vile alikuwa anaimba vibaya kanisani."

"Akasema nini?"

"Akasema atarudi Jumapili na rafiki yake. Rafiki ako na neno la kuniambia. Mimi ni mzee, si mjinga. Nilijua ni neno gani."

"Hukutupigia simu?"

"Ningewaambia nini? Kwamba kijana amekosa kunywa chai?" Mzee Birgen alitazama uzio. "Nilitaka kumwona huyo rafiki kwa macho yangu kwanza. Sikujua nitamfanya nini. Jumapili sikwenda kanisani. Nilichinja kuku, nikatoa viti viwili hapa nje, nikakaa na changu. Nikakaa hadi ng'ombe wakalia kukamuliwa. Hawakuja. Nikamlaani huyo kijana. Nikasema amekuja kunisikiliza kama mtu anayetazama sinema, akaenda zake. Kila asubuhi nikikamua namlaani. Mpaka leo asubuhi."

"Alikuwa amekufa Jumamosi, Mzee. Jana yake. Alikuwa akimwambia rafiki yake waje."

Mzee alikaa juu ya jiwe lililokuwa karibu na mlango. Aliweka mikono katikati ya magoti. Nyakio alibaki wima. Alikuwa ametoa habari za aina hii mara nyingi na alijua wakati wa kuondoka, lakini hakuondoka.

"Ako na watu?" Mzee aliuliza mwishowe.

"Ana dada. Mmoja."

"Mke?"

"Hana."

"Anazikwa wapi?"

"Kwao, Alego. Jumamosi."

"Ni mbali?"

"Mbali kiasi."

Mzee Birgen alipangusa uso kwa kiganja kutoka juu hadi kidevuni. Kutoka mahali alipoketi angeweza kuona barabara kupitia pengo la uzio, na hapakuwa na mtu anayepita.

"Kuna gari ya watu inaenda huko?"

"Sijui," Nyakio alisema. Kisha akasema kitu ambacho hakuwa amekipanga alipotoka mjini. "Mimi nitaenda."

"Basi utanipitia," Mzee alisema. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani kutafuta kikombe cha pili cha chai.